Mahindi ya Shemasi na Mvua ya Jumapili

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la sita, nikaenda Kitale kubeba magunia kwa mgongo, na leo nina malori, mashine ya kukausha mahindi, na nyumba ya ghorofa karibu na Kiminini ambayo ukipita barabarani huwezi kukosa kuiona, kwa sababu niliipaka rangi ya machungwa makusudi. Nasema haya mapema ili mtu asidhani anayeandika hapa ni wa kusukumwasukumwa. Miaka yote niliyokaa pale hakuna mtu aliyenifanyisha kazi ya bure. Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa jirani yangu, mama mzee, shemasi wa kanisa, na alinifanyisha kazi kila Jumapili ya mavuno bila kuniomba na bila kusema asante. Yaani, asante alisema. Lakini hakuniambia mimi.

Wacha nieleze. Kwetu mahindi yakishapukuchuliwa yanaanikwa juu ya turubai mbele ya nyumba mpaka yakauke, na mvua ya msimu huo ina tabia zake. Asubuhi jua linakuchoma shingo, mchana wingu linanyanyuka upande wa Mlima Elgon, na kabla hujamaliza kikombe cha chai liko juu ya paa lako. Kila mwenye akili anajua mahindi yakiwa nje, mtu lazima abaki nyumbani. Shemasi alikuwa anaishi peke yake. Na kila Jumapili alitandaza maturubai yake, akamwaga juu yake chakula chake chote cha mwaka, akafunga kitambaa cheupe kichwani, akabeba Biblia na kiti chake cha plastiki, akaenda kanisani. Na ibada ya kanisa lile si mchezo. Kuna sifa, kuna mahubiri, kuna matangazo, halafu kuna mnada wa kuku, na kuku mmoja anaweza kunadiwa mpaka ukamwonea huruma.

Mara ya kwanza nilimwita kupitia ua. "Shemasi, na mvua je?"

"Mvua ni ya nani?"

"Ya Mungu, si mnasema hivyo."

"Na mahindi?"

"Mahindi ni yako, bana!"

"Hapana, papa. Mwenye mvua na mwenye mahindi ni yule yule. Atajipanga mwenyewe."

Papa ndivyo wamama wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kiume wanayempenda, hata kama mtoto mwenyewe ana kitambi na malori. Akaenda zake. Mvua ikaja. Na aliyejipanga ni mimi. Wafanyakazi wangu hawako, Jumapili ni yao. Mke wangu yuko kanisani kule kule. Mimi niko chini ya lori na grisi mpaka kwenye viwiko, naona wingu, naona chakula cha mjane wa watu kiko nje. Nifanye nini? Nikaruka ua. Nikakunja maturubai, nikakokota, nikasukuma kila kitu ndani ya veranda yake, nikanyeshewa kama mbuzi. Aliporudi, akasimama pale mlangoni, akaangalia mahindi makavu, akainua mikono yote miwili.

"Asante Bwana! Umeanua!"

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Maji yananidondoka puani. Nikasema, "Shemasi, ni mimi."

Akasema, "Ndiyo, papa, umelowa. Nenda ubadilishe nguo."

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu kwa yule mama. Sikutaka kuku, sikutaka maombi. Nilitaka aseme, mbele ya watu, "Ni wewe." Si ni maneno mafupi tu? Nilingoja miaka.

Ati mbona sikuyakausha kwa mashine yangu? Nilimwambia. Nilimwambia nitayakausha bure, asubuhi moja yamekwisha. Akasema mashine yangu inapiga kelele na jua la Mungu halipigi kelele. Basi Jumapili iliyofuata nikaruka ua tena, na nyingine, na nyingine, mpaka ua ukalala pale ninaporukia. Akaja akaniambia huo ua nimeuharibu, niurekebishe. Nikaurekebisha.

Alikuwa na wimbo mmoja. Kuimba kwaya hakuwezi, walishamwondoa kwa sababu anavuta wenzake nyuma, lakini huo wimbo wake aliuimba kila alfajiri akikamua ng'ombe, na ulikuwa na beti nyingi kiasi kwamba nadhani hata aliyeutunga alichoka njiani. Ng'ombe akizaa, anaimba huo. Ndama akifa, huo huo. Mwaka wa viwavi, wale waliokula mahindi yetu yakabaki kama nyavu, wenye mashamba walikuwa wamekaa chini kimya. Yeye alipita katikati ya mistari akichuma mdudu mmoja mmoja na kumponda, na anaimba. Halafu mwaka uliofuata tulipovuna mpaka ghala zikakataa, nilitegea sikio nisikie ana kipi kipya. Hakuna. Huo huo, kasi ile ile.

"Shemasi, si ubadilishe hata kidogo? Mambo yamekuwa mazuri."

"Kwani Mungu amebadilika?"

Huwezi kushindana na mtu kama huyo. Mimi nimeshindana na madalali wa mahindi wa Kitale, watu wanaoweza kukuuzia gunia lako mwenyewe, na nimewashinda. Yeye hapana.

Nilipomaliza ghorofa nilifanya karamu. Nilichinja, nikaleta maspika. Shemasi akaja na wamama wa kanisa, wakaizunguka nyumba, akaweka viganja vyake ukutani, kwenye rangi ambayo hata haijakauka vizuri, akafumba macho. "Asante Bwana kwa nyumba uliyomjengea mtoto wako!"

Nikashindwa kuvumilia. "Shemasi, aliyekuwa hapa akichanganya simiti ni nani?"

Hakufumbua macho. "Na hiyo mikono ya kuchanganyia uliinunua duka gani?"

Wamama wakacheka mpaka vitambaa vikalegea. Alama za viganja vyake ziko pale mpaka leo. Fundi alitaka kuzipaka rangi upya, nikamwambia awache, kupaka tena ni usumbufu.

Sasa usije ukafikiri huyu alikuwa malaika. Wale wanaotoa ushuhuda juu yake siku hizi wanampaka sukari. Mimi nilikuwa jirani, niliona nyuma ya nyumba. Shemasi alifundisha watu kusameheana, alikuwa na somo zima la hilo, na yeye mwenyewe alikuwa hajamsalimia wifi yake wa Kibabii karibu tangu wakiwa wasichana, kwa sababu ya sufuria. Wifi aliazima sufuria kubwa ya harusini, hakuirudisha. Nikimuuliza, anasema amemsamehe wifi, lakini sufuria hajaisamehe. Mbuzi wa watu wakiingia kwenye sukuma wiki yake, maneno yaliyotoka mle kinywani ungeomba wageni wazibe masikio. Na mieleka! Jioni alikuja kwangu ati kumsalimia mke wangu, akakaa mbele ya televisheni, na wale watu wakianza kurushana chini, shemasi mzima anaruka kwenye kiti: "Mshike mguu! Mshike mguu, wewe mjinga!" Mieleka ikiisha, anasema dunia imeharibika, anaaga.

Na kitu kingine. Alimwamini Mungu juu ya mvua, lakini kila Jumapili kabla hajaondoka alipita kwenye geti langu na kuniuliza, kama mtu asiye na nia yoyote, "Papa, leo utakuwepo?" Nikasema nipo. "Haya," anasema, anaenda. Mimi na akili zangu zote za biashara, hilo sikulishika. Endelea kusoma.

Kuna wakati wimbo ulikatika. Binti yake kitinda mimba, aliyekuwa anafundisha watoto wadogo kule Tongaren, aliugua, na hakukaa. Alifariki. Shemasi aliendesha mazishi yale kama alivyokuwa akiendesha ya wengine. Alijua nani hajala, nani hana pa kulala, nani amekuja kwa ajili ya nyama. Kisha watu wakaondoka na mahema yao, na alfajiri ikaja kimya. Ikaja nyingine kimya. Mimi nilikuwa naamka kwa ule wimbo, sikuwahi kuwa na saa ya kuamsha, kwa hivyo malori yangu yakaanza kuchelewa kutoka na wateja wa Bungoma wakaanza kunipigia simu. Nikaona hili jambo linaharibu biashara. Nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na sinia la maharagwe mapajani, hachambui.

"Shemasi, siku hizi hatusikii redio."

"Betri imeisha, papa."

Nikakaa kwenye mtungi uliopinduliwa. Mimi si mtu wa kuzunguka maneno, nikamuuliza kile ambacho wachungaji wote waliogopa kumuuliza. "Na hili nalo umemshukuru?"

"Hili hapana," akasema. "Hili nimemwambia silitaki. Nimemwambia alichukue. Bado hajanijibu, na mimi sijamsalimia."

"Kwa hivyo mmekosana."

"Hatujakosana. Tumenyamaziana. Watu wa nyumba moja si hunyamaziana? Hakuna anayehama."

Akanisukumia sinia nichambue. Tukachambua. Baadaye akasema, "Imba wewe."

"Imba nini?"

"Si unaujua. Nakusikia ukiupigia mluzi chini ya lori."

Nilikataa kwa njia zote anazozijua mwanamume. Halafu nikaimba. Nilianzia juu mno, nikashuka, nikapotea, sauti ikakwaruza kama gia ya lori bovu linalopanda mlima. Kuku waliondoka. Shemasi akaanza kucheka, akacheka akishika ubavu, machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea peke yake. Mimi niliendelea kuimba kwa sababu sikujua mtu anaachia wapi. Ubeti fulani hivi akaingia kwa sauti ya chini. "Unauharibu," akasema, "sogea hapo." Akaumaliza yeye.

Jumapili akarudi kanisani. Mke wangu akaniletea habari: Shemasi alisimama wakati wa shuhuda akasema, "Nilipokosa wimbo, Bwana aliniletea."

Aliniletea! Kama mimi ni kifurushi kilichotumwa na bodaboda.

Sasa habari ya mguu wangu. Mwaka mmoja, mavuno yamepamba moto, rundo la magunia liliteleza ghalani likaniangukia. Mguu ulivunjika vibaya, nikalazwa Bungoma. Wale marafiki niliokuwa nikiwanunulia nyama Kitale walinitumia picha za maua kwa simu. Mke wangu alikuwa anashikilia biashara, anakuja akiweza. Shemasi, na goti lake bovu, alikuja mara nyingi kuliko daktari. Anafika saa ya kuona wagonjwa, thamosi ya uji kwapani, anavuta kiti, anasalimia kitanda hadi kitanda kama anagombea ubunge, halafu anafumba macho na kupaza sauti wodi nzima isikie: "Asante Bwana kwa mguu uliobaki!"

"Shemasi, shukuru polepole. Watu wanaumwa hapa."

"Amina!" wakajibu wagonjwa. Nilikuwa peke yangu katika upinzani.

Siku moja nilimwambia jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu. Daktari alikuwa amepita akasema maneno yake, nikashika kwamba huenda sitabeba tena. Nikamwambia, "Shemasi, mimi ni mgongo na miguu. Sina cheti. Nikikosa kubeba, mimi ni nani?"

Nilijua ataniletea mstari wa Biblia. Hakuleta. Akanimiminia uji, akaushika mpaka ukapoa. "Maisha yako yote umebeba," akasema. "Sasa unabebwa. Ni vibaya sana?"

"Ni vibaya sana."

"Najua, papa. Hata mimi sipendi."

Uji ulikuwa mtamu kupita kiasi. Nilimwambia hivyo. Hakupunguza sukari.

Niliporudi nyumbani na magongo, mke wangu alinisimulia kitu ambacho Shemasi alikuwa amekataza nisiambiwe. Siku moja kati ya zile alizokuja Bungoma, aliacha mahindi yote nje, wingu likaja, na mtu wa kuruka ua hakuwepo, alikuwa kitandani akilalamikia sukari. Yalilowa mpaka chini. Baada ya hapo jua likagoma, yakashika ukungu, akayatupa. Chakula cha mwaka mzima. Na siku zilizofuata alikuwa anakuja wodini na thamosi, anaimba, hasemi kitu.

Nikajikokota mpaka kwake. Nilikuwa na hasira, hata sijui juu ya nani. "Kwa nini hukuanua kwanza?"

"Saa ya kuona wagonjwa ingepita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniletea magunia na tarumbeta mbele yake."

Hapo alinipata. Ndivyo ningefanya. Nilikuwa hata nimeshafikiria lori lipige honi kona gani.

Basi nikatumia akili. Jumapili ya mavuno, watu wakipeleka mahindi na ndizi mbele ya madhabahu, nilimpa mchungaji magunia ya mahindi makavu, safi, niliyoyachagua mwenyewe, yapelekwe kwa Shemasi bila jina. Bila jina! Mimi, ambaye hata ndoo za nyumbani kwangu zina jina langu. Lakini siku hiyo nilienda kanisani kwa miguu yangu mitatu, nikakaa nyuma kabisa. Wengine walifikiri nimeokoka. Nilikwenda kusikiliza. Nilijua Shemasi si mjinga, gunia langu analijua kwa vile ninavyolishona.

Akaitwa. Akayaona magunia. Akainua mikono. "Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi sina la kusema. Nililala sina, nimeamka ninayo. Mungu amenikumbuka!"

Nikakohoa.

"Hakutuma malaika mwenye mabawa..."

Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Mke wangu akanifinya. Sasa, nikasema moyoni, sasa anasema.

"...alituma yule anayemjua yeye mwenyewe. Jina lake lihimidiwe!"

Akakaa. Mzee mmoja wa kanisa akaniletea maji, ati kifua hicho kitibiwe mapema.

Miaka imekwenda. Macho yake yalipoanza kufifia, mwanawe anayefanya kazi Kibabii alimchukua akakae naye. Ua ule ukasimama wima, hakuna anayeulaza. Sikwenda kumwona haraka, mimi ni mtu wa shughuli. Lakini Jumapili moja msimu huu, mvua ilipokuja na mimi niko nje nimesimama nikitazama uwanja wa jirani ambao hauna kitu, niliingia ndani nikamwambia mke wangu Jumapili ijayo nitakuwa na kazi upande wa Bungoma. Hakuniuliza kazi gani.

Nilivaa suti. Nilimkuta amekaa kwenye veranda ya mwanawe na kitambaa chake cheupe, amepungua, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya mbali. Siku hizi hawampeleki kanisani kila wiki, miguu imekataa. Mkaza mwanawe na watoto walikuwa wamekwenda. Na mbele ya nyumba, Mungu wangu, maturubai, mahindi juu yake.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Shemasi."

"Papa! Umenenepa. Nasikia kiti."

Wifi alitoka jikoni akaniletea chai, yule yule wa sufuria. Sasa anaishi boma lile lile. Alipoingia ndani nikanong'ona, "Na sufuria?"

"Alirudisha. Ina tundu." Akafikiri kidogo. "Tunapandia maua."

Tukaongea. Nikamweleza habari za malori, nikamwambia nimeongeza ghala, nikamwambia mguu unafanya kazi. Kila nilipotaja kitu, akasema, "Mungu ni mwema." Nikaongeza kingine. "Mungu ni mwema." Nikaona nitazeeka hivi hivi, nikaweka kikombe chini.

"Shemasi, niambie ukweli. Miaka yote ile. Ulijua ni nani alikuwa anaanua mahindi?"

Alicheka hata meno aliyobaki nayo nikayaona yote. "Papa, ulifikiri nilifikiri ni nani? Malaika anaacha alama za grisi kwenye turubai?"

"Basi kwa nini hukusema hata siku moja?"

"Kanisani, mvua ikigonga mabati, wenzangu wanasikiliza mahubiri, mimi naomba. Siombi mvua ikome. Naomba, Bwana, yule mtu wangu asiwe amesafiri. Nyumbani asubuhi, kabla sijataja watoto wangu, nakutaja wewe. Binti yangu alipokufa nilimnyamazia Mungu, lakini hata hapo nilikutaja. Nikasema, sisi hatuongei, lakini huyo wa jirani umtunze."

Nikakiinua kikombe, nikakiweka tena. "Sasa mbele ya watu je? Neno moja tu?"

"Wewe?" Akanielekezea uso, macho hayaoni lakini yameniona. "Wewe nakujua. Ukisifiwa mara moja unakaa chini kupumzika. Mimi nilikuwa na mahindi ya kuanuliwa kila mwaka."

Hapo upepo ukageuka. Nilinusa kabla sijaona. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya miti ya jirani na tone la kwanza likapiga mabati, pa. Shemasi akainua kidevu.

"Papa, upo?"

Nilivua koti la suti, nikaliweka kwenye kiti. Nilikuwa na mguu mmoja wa kweli na mmoja wa kubahatisha, viatu vya ngozi, na maturubai ya watu ambao hata siwajui vizuri. Nikakunja, nikakokota, nikasukuma mpaka ndani ya veranda, na mvua ikanipata mgongoni wakati wa turubai la mwisho. Nikasimama mbele yake nikitiririka, nahema.

Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akayapata mahindi. Akachota, akayasikiliza yakianguka, yamekauka. Akainua mikono yote miwili.

"Asante Bwana! Umeanua!"

"Shemasi," nikasema, "ni mimi."

Akaanza wimbo. Nilingoja afike ule ubeti ninaoupotezaga, nikaingia.